Picha inayomwongoza daktari katikati ya tiba ya saratani

KWA miaka mingi, wagonjwa wawili wenye saratani ya aina moja iliyofikia kiwango kimoja walipewa dawa zilezile kwa muda uleule. Ikiwa dawa hazikumfaa mmoja wao, aghalabu jambo hilo lilibainika baada ya miezi kadhaa, mwili ukiwa umekwisha kudhoofika.

Upigaji picha kwa mtambo wa PET umebadilisha utaratibu huo. Mgonjwa hudungwa sukari iliyotiwa florini-18, isotopu inayotoa mionzi. Seli nyingi za saratani hufyonza sukari kwa wingi kuliko seli za kawaida, hivyo huonekana pichani kama madoa yanayong'aa. Sukari hii ilitumiwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1976 huko Philadelphia, Marekani.

Picha ya CT huonyesha umbo na ukubwa wa uvimbe, ilhali PET hudokeza iwapo uvimbe huo ungali hai. Tofauti hiyo ni muhimu, kwani uvimbe uliokufa waweza kubaki mwilini kama kovu tu.

Mfano bora ni saratani ya Hodgkin, inayoshambulia tezi za limfu na kuwapata vijana wengi. Baada ya duru mbili za dawa, mgonjwa hupigwa picha tena. Mng'ao uliosalia hulinganishwa na ule wa ini na wa damu iliyo kifuani, kisha hupewa alama kuanzia 1 hadi 5. Kipimo hicho huitwa Deauville, jina la mji wa Ufaransa ambako wataalamu walikutana mwaka 2009.

Utafiti uitwao RATHL, uliochapishwa mwaka 2016, uliwahusisha wagonjwa zaidi ya 1,000 waliopigwa picha hiyo. Takriban asilimia 84 walipata alama 1 hadi 3. Baadhi yao waliondolewa bleomisini, dawa iwezayo kuharibu mapafu. Miaka mitatu baadaye, asilimia 84.4 ya walioondolewa dawa hiyo walikuwa hai bila ugonjwa kuendelea, dhidi ya asilimia 85.7 ya walioendelea nayo. Na mapafu ya kundi la kwanza yalisalimika zaidi. Waliopata alama 4 au 5 walihamishiwa mseto wa dawa kali zaidi.

Hata hivyo, picha pekee haitoshi kutoa hukumu. Kifua kikuu na maambukizi mengine pia hung'aa, ndiposa daktari akiwa na shaka hukata kipande cha nyama na kukipeleka maabara.

Aidha, nguvu ya florini-18 hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 110, kwa hivyo haiwezi kuwekwa akiba wala kusafirishwa mbali kwa barabara. Nchini Kenya, mitambo ya PET ipo katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, na katika hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mgonjwa wa Lodwar au Lamu hana budi kuifuata huko.

Safari hiyo ina maana kubwa. Dawa chache mno huuacha ugonjwa ukiendelea; nyingi mno humdhuru mtu ambaye tayari anapona.