Upimaji wa mipako kwa impedansi ya umeme

Upimaji wa mipako kwa impedansi ya umeme ni njia ya kuchunguza kama rangi au mipako mingine iliyopakwa juu ya chuma bado inakikinga dhidi ya kutu. Hutumika kwa mipako ya madaraja, meli, matangi na mabomba. Faida yake kubwa ni kuonyesha udhaifu wa mipako kabla kutu haijaonekana kwa macho.

Msingi wake

Kutu hutokea chuma kinapokutana na maji na oksijeni, chumvi huiharakisha. Mipako mizuri huzuia maji na ayoni kukifikia chuma, kwa hiyo huzuia pia umeme.

Impedansi ni kiasi ambacho saketi huzuia mkondo geu kupita. Jina hilo lilitungwa na Mwingereza Oliver Heaviside mwaka 1886. Chuma kilichopakwa rangi kikiwa ndani ya maji ya chumvi hufanya kazi kama kapasita: chuma kiko upande mmoja, maji upande mwingine, na rangi katikati kama kihami. Kigezo cha dielektriki cha maji ni takriban 80, kikubwa mara nyingi kuliko kile cha rangi kavu. Kwa sababu hiyo, maji yakianza kupenya, kapasitansi huongezeka. Baadaye vitundu vidogo hufunguka, ayoni hupita, na ukinzani hushuka.

Jinsi ya kupima

Katika maabara, silinda ya plastiki isiyo na kitako hubandikwa juu ya bamba lililopakwa rangi na kujazwa maji ya chumvi, mara nyingi ya asilimia 3.5. Elektrodi tatu hutumika: bamba lenyewe, elektrodi ya rejeo, na elektrodi saidizi ya platini au grafiti. Volteji ndogo ya milivolti 10 hadi 20 hupitishwa kwa frikwensi kuanzia hezi 100,000 hadi hezi 0.01. Volteji hiyo ni ndogo kiasi kwamba haiharibu mipako, hivyo bamba lilelile hupimwa tena baada ya siku au miezi.

Kusoma matokeo

Mwaka 1948 Bacon, Smith na Rugg, waliopima ukinzani wa mipako mingi kwa mkondo mnyoofu, walionyesha uhusiano huu kwa eneo la sentimita mraba moja:

- zaidi ya omu milioni 100: kinga nzuri
- kati ya omu milioni 1 na milioni 100: kinga ya wastani
- chini ya omu milioni 1: kinga hafifu

Viwango hivyo bado hutumika kama mwongozo wa kusoma impedansi ya frikwensi ya chini.

Mipaka

Kipimo huhusu eneo dogo tu lililoguswa na maji ya chumvi. Tundu moja lililo nje ya eneo hilo linaweza kuanzisha kutu bila kugunduliwa. Kwa hiyo sehemu kadhaa hupimwa, na ukaguzi wa macho huendelea.