Kifua cha Mwamia Ndege

Vitabu huikumbuka Mohoro ya Rufiji kwa boma la Wajerumani na kunyongwa kwa Kinjikitile Ngwale, mganga wa Vita vya Maji Maji, tarehe 4 Agosti 1905. Mimi, mtoto wa wakulima wa mpunga, naikumbuka kwa kazi ya kuamia ndege, maana ndiyo iliyoifichua pumu yangu.

Karne ya 19 bonde la Rufiji lilipeleka mchele hadi Unguja, na huku kwetu kulinda mpunga ni kazi ya watoto. Alfajiri, umande haujakauka, tulikimbia huku na huko tukipiga makelele. Hewa ya baridi na mbio: vichokozi viwili kwa mpigo. Anayekimbia hupumulia mdomo, hewa ikafika ndani bila kupashwa joto wala kupata unyevu wa pua. Njia za hewa hukauka, seli zake humwaga kemikali, misuli hubana. Mwenye pumu hubanwa zaidi kwa kuwa njia zake zimekwisha kuvimba.

Bibi hakuwa na habari ya uvimbe. Alijua tu kwamba nikikimbia, kifua kinalia. Akanipandisha dunguni nivute kamba zenye makopo, na siku ya kupepeta akanituma kisimani, mbali na vumbi la pumba. Elimu hiyo ni kongwe: Aretaeus, tabibu wa Kigiriki, aliihusisha pumu na mbio karne nyingi zilizopita, na Ibn Maymun wa Misri aliiandikia risala nzima mwishoni mwa karne ya 12.

Uvimbe ndio uliochelewa kupewa uzito. Tabibu William Osler aliutaja mwaka 1892, lakini kwa miongo mingi tiba ilishughulika na misuli. Salbutamol, dawa ya kulegeza misuli hiyo, ilipokuja mwaka 1969, kifua kilifunguka kwa dakika chache na mgonjwa akajiona amepona. Beklometasoni ya kuvuta, inayotuliza uvimbe, ilifuata mwaka 1972. Ni miaka ya 1980 ndipo hadubini ilipothibitisha kwamba hata pumu nyepesi ina uvimbe, na mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa GINA ukaacha kuwapendekezea watu wazima na vijana salbutamol peke yake.

Nikimwona mzazi anamkataza mwanawe mpira kwa sababu ya pumu, humwambia: bibi yangu alinizuia mbio kwa kuwa hakuwa na tiba nyingine. Wa kwako mpeleke akaandikiwe dawa ya kuzuia, aitumie hata siku asizobanwa, apashe mwili kabla ya mchezo, kisha mwache acheze.