Mganga, Umuganga na Umupfumu

Mwalimu afundishaye Kiswahili mjini Bujumbura hakawii kukwama kwenye neno "mganga". Mwanafunzi ambaye lugha ya mama yake ni Kirundi humdhania mganga kuwa mtu wa hospitali, kwani "umuganga" wa Kirundi cha leo ni daktari. Yule aaguaye na kupiga ramli huitwa "umupfumu". Tofauti hiyo si ya msamiati tu, ina historia yake.

Warundi wa zamani walimwamini Imana, Muumba, na baina yake na watu alisimama Kiranga. Kutiwa katika ibada ya Kiranga kuliitwa kubandwa. Mara nyingi aliyebandwa alikuwa na shida iliyomlemea: maradhi yasiyokwisha, utasa, au misiba ya mfululizo. Mti mtakatifu wa ibada hiyo ni umurinzi, wenye maua mekundu, na msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuambiwa kwamba maana yake ni "mlinzi". Lililo kubwa ni kwamba mgonjwa hakutibiwa akaenda zake. Aliingia katika jamaa ya waliobandwa, akawa na wajibu kwa wale waliokuja nyuma yake wakiwa na shida kama ile yake. Watu wa pwani wataitambua hapa sura ya ngoma za pepo, ambamo aliyekuwa mwele huja akawa mganga wa kilinge.

Mapadre Weupe walifungua misheni ya Muyaga mwaka 1898, na ya Mugera mwaka 1899. Wao waliihesabu ibada ya Kiranga kuwa kazi ya Shetani. Wabelgiji, walioingia mwaka 1916, hawakuwa na huruma zaidi, na hata Muganuro, sikukuu ya mfalme ya kupanda mtama, ilikoma baada ya mwaka 1929. Umupfumu akatiwa fungu moja na "umurozi", yaani mwenye kuroga. Kirundi, sawasawa na Kiswahili, kilikuwa kimewatenga watu hao wawili kabisa: huyu huangamiza, yule huagua. Neno "sorcier" la Kifaransa liliwafunga wote kamba moja.

Mwaka 1978 mkutano wa Alma-Ata uliwataja waganga wa jadi miongoni mwa wanaoweza kutoa huduma ya msingi ya afya. Dar es Salaam ilikwisha kutangulia, kwa kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilichoanzishwa Muhimbili mwaka 1974. Hivyo kurejea kwetu kulianza na majani na mizizi, vitu vipimikavyo katika maabara. Sina ugomvi na maabara. Lakini aliyebandwa hakuitwa na majani, aliitwa na ugonjwa wake mwenyewe, na kuwatumikia wenzake kulikuwa sehemu ya kupona kwake. Hilo halijaandikiwa chumba katika taasisi yoyote niijuayo.

Darasani nako kuna kazi. Mwanafunzi aulizapo umupfumu ni nani kwa Kiswahili, wengi humjibu upesi: "mchawi". Nimeyaona madaftari yenye jibu hilo, na alama ya vema ya mwalimu kando yake, kwa wino mwekundu.