Kompresa ya upepo ya injini kwa malori ya springi za upepo

Kompresa ya upepo ya injini ni pampu ya pistoni inayofungwa ubavuni mwa injini ya lori na kuzungushwa nayo kwa gia au mkanda. Hujaza matangi ya upepo ambayo breki, kiti cha dereva na springi za upepo hutumia kwa pamoja. Makala hii inahusu namna ya kuichagua kwa ajili ya lori linalofanya kazi katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita, hasa Segese, kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Msalala. Haihusu kompresa za dizeli zinazovutwa hadi kwenye maduara ya wachimbaji wadogo kuendesha mashine za kutoboa miamba. Hizo zina injini zake zenyewe na hesabu nyingine kabisa.

George Westinghouse alipata hataza ya breki ya upepo ya treni mwaka 1869. Springi za upepo zilichelewa: General Motors ilianza kuzifunga kwenye mabasi yake mwaka 1953, na malori yakafuata. Badala ya vyuma vilivyopangwa, ekseli hubebwa na mipira minene iliyojaa upepo, na valvu ya kusawazisha huongeza au kupunguza upepo kufuatana na mzigo ili gari libaki kwenye kimo chake. Tipa za kubeba mawe na mchanga nyingi bado zina springi za chuma, na si kwa ushamba. Chuma hustahimili mashimo na mawe makali kuliko mpira. Springi za upepo zinafaa zaidi vichwa na matela ya safari ndefu, kama yale yanayotoka Isaka kupitia Kahama kwenda Rusumo, au yanayoleta mitambo na vipuri kwenye migodi ya Bulyanhulu na Geita.

Mizani nayo ni sababu ya kupenda springi za upepo. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu uzito wa jumla usiozidi tani 56, tani 18 kwa ekseli mbili zilizoungana na tani 24 kwa ekseli tatu, kwa matairi ya jozi. Shinikizo ndani ya mipira hupanda kadiri mzigo unavyoongezeka. Kwa hiyo dereva mwenye geji iliyopimwa vizuri anaweza kukadiria uzito wa ekseli zake kabla hajafika mizani.

Kosa la kawaida katika kuchagua kompresa ni kutazama shinikizo peke yake. Mfumo wa lori huishia bar 8 hadi 12 hivi, na mipira iliyobeba mzigo huhitaji chini ya hapo. Karibu kila kompresa ya lori hufika huko. Tofauti iko kwenye wingi wa upepo kwa dakika na muda wa kupumzika. Tu-Flo 550 ya kampuni ya Bendix, yenye silinda mbili, ina ujazo wa futi za ujazo 13.2 kwa dakika inapozunguka mara 1,250 kwa dakika, yaani lita 374 hivi. Tu-Flo 750 inafika 16.5, karibu lita 467. Hizi ni hesabu za mwendo wa pistoni. Upepo unaoingia tangini huwa pungufu, na hupungua zaidi shinikizo likipanda.

Chukua mfano wa tela la ekseli tatu lenye mipira sita ya lita 15 kila mmoja. Kuijaza kutoka sifuri hadi bar 4 kunahitaji lita 360 za hewa ya usawa wa bahari. Lakini nyanda za Kahama na Msalala ziko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na shinikizo la hewa yake liko chini kwa takriban asilimia 13. Lita zinazohitajika zinakaribia 410. Kompresa ya lita 374 itachukua zaidi ya dakika moja, na injini ikiwa sailensa (mzunguko wa chini kabisa) muda huo huongezeka maradufu au zaidi. Hapo breki hazijahesabiwa. Anayenunua kwa kusoma namba za kiwandani peke yake anajipunja bila kujua.

Bendix inashauri kompresa isisukume upepo zaidi ya robo ya muda wa safari. Ikizidi, hupata joto, oili huungua kwenye bomba la kutokea, masizi hujenga ukuta ndani yake, na oili hufuata upepo hadi kwenye draya (kikausha upepo) na valvu. Ndiyo maana kompresa inayopoozwa kwa maji ya rejeta na kulainishwa kwa oili ya injini inafaa kuliko inayotegemea upepo wa njiani, hasa kwa lori linalopanda polepole likiwa na mzigo. Bomba la kutokea liwe la chuma au shaba. Bomba la plastiki lisianzie kwenye kompresa.

Vumbi ni adui mwingine. Kompresa ivute hewa iliyopita kwenye kichujio cha injini, maana vumbi la barabara za migodini hula ringi na silinda. Masika huleta unyevu, kwa hiyo draya na kufungulia maji ya tangini ni sehemu ya hesabu.

Malori madogo, kama Canter nyingi zenye breki za haidroliki, hayana kompresa kabisa. Wapo wanaogeuza kompresa ya AC. York 210 inafaa kwa kuwa ina oili yake ndani. Aina ya Sanden hutegemea oili inayosafiri na gesi, kwa hiyo ikipewa upepo mtupu hukauka isipopewa kilainishi na kitenganishi cha oili. Kompresa ndogo ya umeme hutosha mipira miwili ya nyuma tu.

Kwa spea ya mtumba, idadi ya meno ya gia na upande inaozungukia vilingane na injini. Katika baadhi ya injini pampu ya usukani hufungwa nyuma ya kompresa na kuzungushwa nayo. Kompresa isiyo na mhimili wa nyuma wa kuizungusha pampu hiyo huuacha usukani mzito. Kisha ipimwe. Kipimo kinachotumika Marekani ni kupanda kutoka psi 85 hadi 100 ndani ya sekunde 45 injini ikiwa kwenye mwendo wake wa kazi.

Breki huja kwanza. Springi za upepo zichukue upepo kupitia valvu ya kinga inayojifunga shinikizo likishuka, ili mpira uliopasuka usiwe sababu ya lori kukosa breki. Lori lisilo na valvu hiyo halifai kufungwa springi za upepo, hata kompresa yake iwe kubwa namna gani. Na lenye kompresa isiyopumzika likaguliwe kwanza kwa maji ya sabuni kwenye viungio vyote, kwa sababu mara nyingi tatizo ni kuvuja, na kompresa kubwa zaidi itauficha uvujaji huo kwa muda tu.