Mambo muhimu kwa rubani mwanagenzi anapojifunza kutua

WANAGENZI wengi wa urubani hukiri kwamba kupaa si kazi. Kazi ni kutua. Hata hivyo, kutua hakuanzi magurudumu yanapogusa ardhi. Ndege inayodunda uwanjani aghalabu huwa na kasoro iliyozaliwa ingali angani, na kasoro hiyo mara nyingi ni ya kasi.

Chukua mfano wa Cessna 172, ndege ya injini moja inayotumiwa mno kufunzia marubani. Kitabu chake huagiza ishuke kwa noti 60 hadi 70, yaani maili 60 hadi 70 za baharini kwa saa, vibamba vya nyuma ya mabawa vikiwa vimeshushwa kabisa. Anayezidisha huelea juu ya njia ya kutulia hadi ikaribie kumwishia. Anayepunguza kupita kiasi huhatarisha maisha, kwani mabawa hushindwa kuibeba ndege.

Hapa ndipo mwanafunzi wa uwanja wa Wilson, Nairobi, hukumbana na mtihani ambao mwenzake wa Mombasa hana. Wilson uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi. Kipimo kikionyesha noti 65, ndege kwa hakika inakwenda kwa zaidi ya noti 70. Ardhi huonekana ikikimbia, naye hushawishika kuvuta usukani ili apunguze mwendo. Asithubutu! Msukumo wa hewa unaobeba mabawa ndio huo huo unaosomwa na kipimo, hivyo kasi iliyoandikwa kitabuni ni ile ile Nairobi na Mombasa. Kinachobadilika ni urefu wa njia anayohitaji: mwendo ukizidi kwa asilimia 10, nishati ya kumalizwa na breki huzidi kwa asilimia 21.

Jambo la pili ni macho. Mwanagenzi akikodolea ardhi iliyo mbele tu ya pua, hawezi kukadiria kimo. Huinua pua mapema na ndege ikaanguka kwa kishindo, au huchelewa na kugonga kwa gurudumu la mbele, ambalo halikuundwa kustahimili pigo hilo. Atazame mwisho wa njia, apunguze nguvu za injini, kisha avute usukani taratibu kana kwamba anaizuia ndege isitue, mpaka magurudumu mawili makuu yaguse kwanza.

Ndege ikidunda sana, kuisukuma pua chini ni kosa kubwa. Dawa ni kughairi na kupaa tena, ingawa wapo wanaoona haya kufanya hivyo mbele ya mkufunzi. Injini hupewa nguvu zote kwanza, pua ikadhibitiwa isipande mno, kisha vibamba vikapandishwa hatua kwa hatua. Vikipandishwa vyote kwa mpigo, ndege huzama ikiwa bado karibu na ardhi.