MAJINA YA MAHALI: KITABU CHETU CHA KWANZA CHA SARUFI

Tunapomshukuru Mungu kwa miaka mia moja ya usharika wetu hapa milimani Usambara, yatupasa kukumbuka kwamba tangu wamisionari wa Kijerumani walipofika Mlalo mwaka 1891, kanisa na darasa vimekwenda pamoja. Kwa sababu hiyo naomba niandike juu ya jambo la darasani, ambalo nimelitumia kwa miaka mingi katika shule ya Jumapili na mafundisho ya Kipaimara, yaani kuwafundisha watoto sarufi kwa njia ya majina ya mahali.

Mtoto akielezwa habari za ngeli, husinzia. Akiulizwa kwao ni wapi, huamka. Basi humwandikia ubaoni: Mgogo, Wagogo, Kigogo, Ugogo. Mwenyewe huona kwamba shina ni moja, na kwamba viambishi vinamtaja mtu, watu, lugha na nchi. Kisha namwambia aandike habari za kwao. Huandika Mshambaa, Washambaa, Kishambaa, halafu husita kwenye Usambara, kwa maana sauti zimebadilika. Hapo ndipo historia inapoingia. Wazee wetu waliitamka Shambalai, na leo twasema Shambaai. Usambara ni jina lilivyokaa katika Kiswahili na katika ramani za wageni. Mtoto amejifunza kiambishi, na papo hapo amejua kwamba jina husafiri na kubadilika kama msafiri mwenyewe.

Wakati wa utawala wa Wajerumani mji wa Lushoto uliitwa Wilhelmstal, yaani Bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaisari wao, na kituo cha misheni cha Mlalo kiliitwa Hohenfriedeberg. Watoto huona kwamba Mjerumani humtanguliza mwenye mali, nasi tunaitanguliza mali yenyewe na kuiunganisha kwa “la”. Lakini nawauliza pia: majina hayo yako wapi leo? Yamebaki katika vitabu, nasi twasema Lushoto na Mlalo. Kisha nawauliza: nchi ya wageni wale tunaiitaje? Hujibu kwa sauti moja: Ujerumani! Ni U ileile ya Ugogo na Usambara. Hivyo waliotupa majina nao walipewa jina kwa sarufi yetu, na jina hilo lingali linatumika.

Watoto wetu wengi siku hizi wanakulia Dar es Salaam, nao huja kwa bibi na babu wakati wa likizo. Kwao huanza na Mbuyuni na Mikocheni. Mbuyuni ni penye mbuyu, na Mikocheni ni penye mikoche mingi. Herufi mbili za mwisho, -ni, zimeigeuza miti kuwa mahali. Kutoka hapo ni hatua fupi kufika kwenye kosa tunalolisikia hata katika matangazo ya ibada: “kanisani letu”. Tunasema “kanisa letu”, lakini “kanisani kwetu”, au “kanisani mwetu” tukiwa ndani, kwa maana neno likishapokea -ni limeingia katika ngeli ya mahali.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Nikiwa mchungaji kijana niliwaambia watoto maana ya jina Kilimanjaro kana kwamba jambo hilo limekwisha kuamuliwa. Binti mmoja akanyosha mkono: “Baba Mchungaji, ulisema ki- ni ya udogo. Mbona mlima mkubwa kuliko yote Afrika unaitwa kilima?” Sikuwa na jibu. Mlima ule una kimo cha mita 5,895! Ukweli ni kwamba wataalamu hawajakubaliana. Wako wanaotafuta asili ya jina hilo katika Kiswahili, wengine katika Kichaga, na wengine katika Kimaasai. Jumapili iliyofuata nilirudi kuwaambia hivyo. Tangu siku ile nimeitumia sarufi kama shahidi anayepaswa kusikilizwa kabla ya kuipokea hadithi, hata ikiwa tamu.

Yakobo alipoamka Luzu alipaita mahali pale Betheli, yaani nyumba ya Mungu, na Maandiko yakatunza majina yote mawili. Nasi tufanye vivyo hivyo. Kila mwaka tunawazika wazee waliojua kwa nini kijito fulani au kilima fulani kinaitwa hivyo, na wajukuu wao wanarudi mjini bila kuuliza. Nawasihi wazazi na walimu wa shule ya Jumapili: katika likizo ijayo, kila mtoto apewe daftari, aende kwa babu na bibi, aandike majina ya mashamba, vijito na njia, pamoja na jinsi wanavyoyaeleza. Maneno hayo tutayachambua darasani, nao watakaoadhimisha miaka mia mbili watakuwa na kitu cha kusoma.

Mungu aubariki usharika wetu.