Kuacha Kazi Si Uhalifu: Kutoka Kipande cha Thika hadi Kafala ya Saudia

Wasichana na akina mama wa Thika na Ruiru wanaokwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani hutia saini mkataba wa miaka miwili. Anayetaka kuondoka mapema huambiwa na ajenti arudishe gharama za viza na tiketi, la sivyo avumilie hadi mwisho. Deni linaweza kujadiliwa, na mahakama za madai zipo kwa kazi hiyo. Lisilokubalika ni kwamba kafala, mfumo wa udhamini wa Saudia, humgeuza aliyeacha kazi kuwa mhalifu. Iqama yake, yaani kibali cha ukaazi, imefungwa kwa kafili, mwajiri anayemdhamini; kafili akiripoti huroob, kwamba ametoroka, mwanamke huyo hupoteza ukaazi halali na anaweza kukamatwa, hata kama alikimbia kwa kunyimwa mshahara.

Kiambu, kaunti ya miji hiyo, iliwahi kuishi chini ya mfumo wa namna hii. Kwa sheria ya usajili ya 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Kuu vya Kwanza, mwanamume Mwafrika alibeba kipande, yaani hati ya utambulisho na kazi, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Mwajiri aliandika humo siku ya kuajiri, mshahara na siku ya kumwachilia. Kama hakuandikiwa kuachiliwa, aliyeondoka kwenye shamba la kahawa Ruiru au la mkonge Thika hakuweza kuajiriwa kihalali kwingine, na kutoroka kulikuwa kosa la jinai. Harry Thuku, mzaliwa wa Kambui, alipokamatwa Machi 1922 baada ya kukipinga kipande, waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi. Walowezi walishikilia kwamba bila adhabu vibarua wangetoroka. Kipande kilifutwa katika miaka ya 1940, na kahawa ya Ruiru iliendelea kuchumwa.

Leo Katiba ya 2010, ibara ya 30, inakataza kazi ya kulazimishwa, na Sheria ya Ajira ya 2007 inamruhusu anayelipwa kwa mwezi kuondoka kwa notisi ya siku 28. Nitajibiwa kwamba sheria hiyo haifiki Riyadh. Ni kweli, lakini sheria hiyohiyo inataka mkataba wa kazi ya ng'ambo uthibitishwe na afisa wa kazi, na ajenti hupewa leseni hapa Kenya. Aidha, mageuzi yanawezekana hukohuko Ghuba: mwaka 2020 Qatar iliruhusu wafanyakazi, wa nyumbani wakiwemo, kubadili mwajiri kwa notisi. Mageuzi ya Saudia ya Machi 2021 yaliwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani, yaani walio dhaifu kuliko wote.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba tukikaza masharti ya mikataba hiyo, waajiri watageukia nchi nyingine. Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2011 Saudia ilisimamisha kuajiri wafanyakazi wa nyumbani kutoka Ufilipino kwa sababu Manila ilidai mshahara wa dola 400 kwa mwezi. Manila haikulegeza, na mwaka uliofuata Saudia ilikubali kiwango hicho. Gharama ya mwajiri nayo ina haki yake, ila hupungua kila mwezi anaohudumiwa: anayeondoka mwezi wa ishirini hawezi kudaiwa sawa na aliyeondoka mwezi wa pili, na aliyepigwa, asiyelipwa au aliyenyang'anywa pasipoti hadaiwi chochote. Kanuni hiyo iandikwe kama kifungu ndani ya mkataba wenyewe, kwa Kiswahili, na afisa wa kazi asiugonge muhuri mkataba usiokuwa nacho.